Salamu Zilizoishia Njiani

Mlango wa ofisi ya upelelezi ulikuwa na mpini mrefu wa chuma, mpini wa kushika na kuvuta, na haukufunguka mpaka uusukume. Fundi aliyeutia alikwishakwenda zake zamani. Tangu hapo kila mgeni alivuta, akavuta tena kwa nguvu, akadhani kumefungwa, na wengine waliondoka na shida zao bila kumwona mtu. Sajenti Hedwiga alikwishaomba ubadilishwe mpaka akachoka kuomba. Siku hizi aliuangalia tu, na kwa kuuangalia alikuwa amejifunza mengi kuhusu watu.

Asubuhi ile Hanna aliuvuta, akahangaika nao, mwishowe akausukuma kwa hasira. Kaka yake Eliud alikuwa nyuma yake kabisa, lakini naye alipofika aliuvuta. Mtu anayemfuata mwenzake huangalia mwenzake alivyofungua. Hedwiga akajua kwamba ndugu hawa wawili wametembea pamoja kutoka getini bila kutazamana hata mara moja.

Wakaketi, kila mmoja mwisho wake wa benchi.

"Baba hajaonekana tangu Jumatatu, afande," Hanna alisema. "Leo Alhamisi. Jirani yetu Fanuel mmemkamata jana, mbona hammbani aseme alikomweka baba?"

"Fanuel tumembana. Anasema aligombana na mzee juu ya mpaka wa shamba na hana zaidi ya hapo."

"Na wewe umemwamini?"

"Mimi simwamini mtu yeyote kabla ya saa sita mchana. Bwana Eliud, weka hiyo sauti tena."

Mzee Nathanaeli, baba yao, alikuwa mkulima wa kahawa na migomba huko Mulala, kwenye mteremko wa Meru. Mkewe alikwishafariki na aliishi peke yake. Simu alikwishaiacha, maana macho hayakuziona tena namba zake ndogo. Alitumia kisanduku. Chama chao cha wakulima kilikuwa kimefunga kisanduku cha sauti kwenye ukuta wa mtambo wa kumenyea kahawa: kitufe kimoja kikubwa, taa moja ya kijani. Mwanachama anaingiza kadi yake, anabonyeza, anaongea, na sauti inafika kwenye simu ya mtu wake popote alipo. Mtu wake naye akijibu, mzee analisikia jibu palepale ukutani. Wazee walikuwa wamekipenda. Na kitu cha mwisho ambacho Mzee Nathanaeli alikiacha duniani, kwa kadiri polisi walivyojua, kilikuwa sauti yake kwenye simu ya mwanawe.

Eliud aliweka simu mezani. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na vidole vyake vilikuwa na alama za moto.

"Eliud," ilisema sauti ya mzee, kavu. "Rudi nyumbani. Kahawa ya shamba la juu nimeing'oa mwenyewe. Rudi."

Basi. Hakuna zaidi.

"Huyo si baba," Hanna alisema.

"Sauti ni yake," Eliud alisema, akiuambia ukuta.

"Sauti ni yake, maneno si yake. Afande, baba yangu hajawahi kufungua kinywa bila kusalimia. Hata mbwa wa jirani anamsalimia. Atamwitaje mtoto wake hivyo, kama anamfukuza kuku? Na kahawa ile ilipandwa na babu. Huyu hapa alifukuzwa nyumbani kwa sababu alikata mistari michache tu apande parachichi. Halafu leo baba aing'oe yote kwa mkono wake? Alisimamiwa na Fanuel, tena Fanuel ana panga mkononi."

"Nataka kusikia zile za nyuma," Hedwiga alimwambia Eliud. "Unazo?"

Alikuwa nazo zote. Hakuwa amefuta hata moja. Akafungua ya kwanza, na sauti ileile ikajaza chumba, lakini sasa ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu aliyevua kofia na kuvuta kiti.

"Eliud mwanangu, hujambo? Mimi baba yako, Nathanaeli. Huko uliko mnaendeleaje? Mwili una nguvu? Kifua kile hakikusumbui na moshi wa kazi? Na mafundi wenzako, hawajambo? Na Mama Evaresta mwenye nyumba wako, hajambo? Miguu yake je? Msalimie sana. Huku kwetu hatujambo, Mungu anatusaidia. Mvua imekuja kidogo. Migomba imesimama. Ng'ombe mwekundu ana mimba, na..."

Kimya. Eliud akafungua nyingine. Salamu zilezile, kwa mpangilio uleule, bila haraka. Kifua, mafundi, Mama Evaresta na miguu yake, mvua. Ng'ombe mwekundu amezaa. Kimya. Nyingine tena: ndama ameanza kula majani. Kimya.

"Zote zinafia kwa ng'ombe?" Hedwiga aliuliza.

"Karibu zote. Ndivyo alivyo. Akimaliza salamu anaachia kitufe."

"Na neno lenyewe?"

"Hakuna neno, afande. Ananisalimia tu." Eliud aliivuta simu karibu na kifua. "Nazisikiliza kila nikifunga karakana. Namkumbuka sana, sikufichi. Miaka miwili nasikiliza nikisema labda leo atasema rudi. Ningeitwa mapema, ningepanda mlima hata kwa miguu. Jumatatu nilipoitwa nilipanda usiku uleule, nikakuta nyumba tupu."

Hanna alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Msikilize. Baba amemwita tangu mwaka jana. Aliniambia kwa kinywa chake: Hanna, nimemwita ndugu yako, nimemwita tena, ananijibu salamu vizuri, neno lenyewe analiruka. Nikataka kumwita mimi, akanikatalia, akasema hilo ni la baba na mwanawe. Nilimpigia huyu mara moja tu, nikamwuliza. Akasema hajaitwa. Tangu siku ile sina mazungumzo naye."

"Sikuitwa mpaka Jumatatu."

"Uliitwa."

Hedwiga aliwatazama. Waongo alikuwa amewasikiliza wa kutosha maishani, na mwongo hupenda kupamba, huongeza shahidi, huongeza saa na rangi ya shati. Hawa hawakuongeza kitu. Kila mmoja alishika neno lake moja na lilikuwa linamuuma. Kama wote wawili wanasema kweli, basi kuna kitu kati ya kinywa cha mzee na sikio la mwanawe kinachosema uongo.

Macho yake yakaenda kwenye mpini wa mlango.

"Dada Hanna," alisema akiinuka, "twende Mulala. Wewe Eliud rudi kazini, lakini simu isitoke mkononi."

*

Shamba la juu lilikuwa mbali na nyumba, karibu na mpaka wa msitu, mahali ambapo mtu hapiti kama hana kazi nalo. Hanna, aliyeolewa Kimandolu, hakuwa amefika huko tangu mama yake alipokuwa hai. Alipoona alisimama na kuweka mkono mdomoni. Hapakuwa na kahawa. Palikuwa na mashimo kwa mistari, na visiki vimelundikwa pembeni.

"Unaona, afande? Fanuel huyu. Fanuel amemaliza shamba letu."

Hedwiga alikwishachuchumaa kwenye shimo la karibu, sketi imekunjwa kiunoni, viatu ndani ya tope. Ndani ya shimo majani yalikuwa yameota mpaka kimo cha goti. Akayang'oa, akachimba kwa vidole. Samadi ilikuwepo, imeoza mpaka imekuwa udongo. Akaenda kwenye visiki, akakivunja kimoja kwa mkono. Kilikuwa kikavu, na uyoga ulikuwa umemea juu yake ukafa.

"Hii si kazi ya juzi," alisema. "Haya mashimo yamenyeshewa na masika nzima. Nyumbani kwa mzee kuna miche?"

"Ipo ya parachichi, nyuma ya jiko. Anasema ni ya kuuza."

Walishuka wakaiona. Miche ilikuwa chini ya kivuli cha migomba, mirefu kupita kiasi, mizizi imetoboa viriba vya plastiki na kuingia ardhini kwa kuchoka kungoja. Kila mmoja ulikuwa umefungwa kijiti cha kuushikilia. Udongo ulikuwa umekauka juu tu, mtu alikuwa ameimwagilia mpaka siku za karibuni.

"Anayeuza miche haiachi ikazeeka hivi," Hedwiga alisema. "Na Fanuel hawezi kumtunzia mtu miche ya mwanawe. Baba yako aling'oa kahawa kwa mkono wake, dada, kabla ya masika. Akachimba mashimo, akatia samadi, akaotesha miche. Kila kitu kilikuwa tayari, amepungukiwa na mtu wa kuipanda tu."

Hanna aliutazama mstari ule wa viriba kwa muda mrefu. "Alikuwa anamngoja," alisema.

"Sasa nionyeshe hicho kisanduku."

Msimu wa kahawa ulikuwa bado, na mtambo ulikuwa umelala, matangi makavu, mlango wazi. Kisanduku kilikuwa ukutani, na pembeni yake safu ya misumari imetundikwa kadi. Kadi zote zilikuwa zinafanana, nyeupe, maandishi madogo ya kuumiza macho. Kwa hiyo wazee walikuwa wamezitia alama wenyewe: hii kifungo cha koti, hii ufunguo mbovu, hii punje ya kahawa iliyotobolewa. Kadi yenye uzi mwekundu ilikuwa ya Mzee Nathanaeli.

Hedwiga aliiingiza, akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Akajisikia mjinga, lakini akaanza, kwa mwendo wa mzee. Akamsalimia Eliud, akamuuliza kifua, akawaulizia mafundi, akataja mvua kama mtu wa huko. Halafu, kwa kuwa hakuwa na ng'ombe, akaanza kutaja vituo vya barabara ya kwenda mjini, polepole, kidole kikiwa palepale: Usa, Tengeru, Ngulelo, Kimandolu, Philips, Sanawari. Taa iliwaka mpaka Sanawari. Akaachia, ikazimika. Mambo safi kabisa, kwa mtu anayetazama.

Akapiga simu. "Eliud, umepata?"

"Nimepata, afande. Umenisalimia, asante. Ukasema Usa, ukasema Tengeru, basi."

"Sanawari hakuna?"

"Sanawari hakuna. Hata Ngulelo hakuna."

Akabonyeza tena, mara hii bila kusema neno, akabaki amesimama. Taa ikawaka. Akabadilisha mguu, taa inawaka. Hanna akapiga chafya, akajisafisha pua, taa inawaka tu. Ilikuwa inaonyesha kidole. Sauti haikuwa na habari nayo.

"Kinapokea maneno ya mwanzo," Hedwiga alisema, "halafu kinaziba masikio, na taa inaendelea kukukubalia. Baba yako alimaliza salamu ndipo akasema neno. Wakati huo alikuwa anauambia ukuta."

Hanna aliketi kwenye ukingo wa tangi. "Kwa hiyo alikuwa anasema kweli. Amemwita."

"Amemwita."

"Na Eliud hakusikia."

"Hakusikia."

Hanna akajifunika uso kwa khanga. "Mwaka mzima nimemnunia ndugu yangu, afande."

Hedwiga alimwacha alie. Yeye hakuwa na maneno matamu, na alijua hivyo. Alirudisha kadi kwenye msumari wake na kubaki akiitazama. Miaka miwili mzee anasalimia. Jumatatu hakusalimia. Mtu hamwagi tabia ya maisha yake yote kwa siku moja bila mtu mwingine kumwambia neno.

"Kuna mtu hapa anajua kwamba kinakata?" aliuliza.

"Nani ajue? Wote wanasalimia hivyohivyo. Wangejua, kelele zake ungezisikia mpaka mjini."

"Basi aliyemwambia baba yako si mtu wa hapa," Hedwiga alisema. "Ni aliyekitengeneza."

*

Aliyekitengeneza aliitwa Nancy, na ofisi yake ya programu ilikuwa Kimandolu. Aliitwa kituoni kueleza mambo ya kitaalamu, hivyo ndivyo Hedwiga alivyomwambia kwenye simu, na hakuwa amedanganya. Alasiri akafika. Mikono yake ilikuwa imeshika kompyuta, akausukuma mlango kwa kiwiko, akaingia, akasema habari za kazi.

Hedwiga alimkaribisha kiti. Eliud na Hanna walikuwa kwenye benchi, safari hii wameketi karibu, begi la Hanna likiwa kwenye mapaja ya kaka yake.

"Umewahi kufika hapa kwetu, dada Nancy?"

"Hapana. Ni mara yangu ya kwanza."

"Mzee Nathanaeli wa Mulala unamfahamu?"

"Simfahamu. Wanachama ni wengi, mimi nashughulika na mitambo."

"Mtambo wako una ukomo gani wa maneno?"

"Ukomo upo. Nani amekwambia?"

"Nilisafiri kutoka Usa nikafia Tengeru. Mbona hamkuwaambia wazee?"

"Mtandao wa mlimani ni dhaifu, ujumbe mrefu unakwama, kwa hiyo tukaukata. Tulijaribu ofisini. Kila mtu alisema hallo, nipo njiani, weka chai. Ilitosha, tena ikabaki."

"Na taa?"

"Taa imeungwa na kitufe." Sauti yake ilishuka. "Ilikuwa rahisi kufanya hivyo."

"Nani mwingine anajua habari ya ukomo huo?"

"Wenzangu wa ofisini. Hawajawahi kupanda kule, napanda mimi."

"Basi Jumatatu ulikuwa Mulala."

"Sikuwa Mulala."

Hedwiga aligeuza kiti chake kidogo, wote wakautazama mlango. "Mpini ule unasema vuta," alisema. "Kila anayefika mara ya kwanza anavuta. Bosi wangu alivuta. Hawa ndugu leo asubuhi wamevuta mpaka nikawaonea huruma. Wewe umeusukuma kwa kiwiko, wala hukuutazama."

Nancy aliutazama sasa. Ilikuwa kazi yake kujua mambo ya namna hiyo, na alielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote angeelewa. Akaiweka kompyuta sakafuni.

"Nilikuja Jumanne," alisema. "Niliingia hapa, ulikuwa na watu, nikakaa pale mwisho wa benchi. Halafu nikaondoka."

"Ulikuja kusema nini?"

"Jumatatu nilikwenda kubadilisha betri ya kisanduku. Nikamkuta. Alivua kofia kabla ya kubonyeza, afande. Akaanza kumsalimia mwanawe, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, kompyuta imeunganishwa, naona kila kitu kwenye kioo. Nikaona kurekodi kumefungwa. Na yeye ndiyo kwanza akasema, sasa mwanangu, nina neno." Alijifuta macho kwa kiganja. "Akasema nilikukosea kwa ajili ya miti. Akasema nimeing'oa, mashimo yapo, rudi upande unachotaka, nyumba haina mtu wa kuongea naye. Nilisikia mimi. Kisanduku hakikusikia."

Eliud alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye lile begi.

"Nikamwambia ukweli," Nancy aliendelea. "Akaniuliza, na yale ya nyuma, binti, yako wapi? Nikamwambia hayapo popote. Akasimama na kofia yake mkononi. Nikamwambia aanze na neno, salamu aziache. Akakataa. Akasema, nimwite mwanangu bila kumjulia hali? Nikambembeleza, akasema yale maneno machache mliyoyasikia. Alipoachia kitufe akasema hii si namna ya kumwita mtoto, nitakwenda mwenyewe. Nikampa lifti mpaka soko la Kilombero, mjini. Nilitaka kumfikisha, akakataa, akasema kwa mwanangu napajua."

"Na ulinyamaza kwa nini?"

"Wiki ijayo tunavionyesha kwa vijiji vingine. Niliogopa. Niliposikia amepotea nikaogopa zaidi."

Hedwiga aliisukuma karatasi ya maelezo mbele yake. Alikuwa amekasirika, na hakuona sababu ya kuificha. "Kuna mtu amelala mahabusu kwa woga wako huo. Utaandikisha maelezo yako yote leo, na Fanuel utamwomba radhi mwenyewe, uso kwa uso." Akaita askari wa zamu, akamwagiza Fanuel atolewe.

Lakini mzee alikuwa bado hajapatikana. Mtaa wote wa Ngarenaro polisi walikwishauzunguka tangu Jumanne, karakana hadi karakana, kwa kuwa ndiko Eliud alikofanya kazi na kulala. Hakuna aliyemwona mzee wa Kimeru mwenye kofia. Kwa mwanangu napajua.

"Eliud, weka salamu moja," alisema. "Yoyote. Ya karibuni."

Sauti ya mzee ikaingia chumbani. Mwili, kifua, mafundi. Na Mama Evaresta mwenye nyumba wako, hajambo? Miguu yake je?

"Simamisha hapo. Evaresta ni nani?"

"Mwenye nyumba wangu wa Olasiti. Nilipanga kwake tangu nilipokuwa nashuka mjini siku za kazi tu. Baba aliwahi kunitembelea pale kabla hatujagombana, alileta ndizi. Nilihama wakati wa masika nikaja Ngarenaro."

"Mbona anamsalimia mpaka leo?"

Eliud alifikiri. "Sikuwahi kuliona hilo. Ni salamu tu."

"Baba yako anajua kwamba ulihama?"

"Anajua. Nilimwambia kwa njia hiyohiyo ya kisanduku."

"Ulianza na nini?"

"Nilianza na shikamoo, nikamwambia kifua hakijambo, nikamjibu mafundi, nikamuuliza ng'ombe..." Eliud akaitazama simu yake.

"Kinakata pande zote mbili," Nancy alisema kwa sauti ndogo.

Hedwiga alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi.

*

Nyumba ya Mama Evaresta ilikuwa ndani kidogo ya Olasiti, yenye ua wa michongoma na geti ambalo Eliud alilichomelea mwenyewe enzi zile. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Mama Evaresta, mnene, mwenye kutembea kwa taabu, alitoka na mwiko mkononi na kumkuta askari getini.

"Jamani, kumbe mpo," alimwambia Eliud, kabla hajamjibu shikamoo yake. "Mtoto, unahama huagi unakokwenda, simu yangu imeharibika na namba zote zimekwenda nayo. Mzazi wako amenifikia hapa Jumatatu jioni, goti limevimba, hawezi hata kufika barabarani. Nimeuliza mafundi mageti, naambiwa wamejaa mji mzima. Nimemuuliza yeye namba yako. Unajua amenijibu nini? Namba ya mwanangu iko kwenye kadi, na kadi iko kwenye msumari."

"Na polisi je, mama?" Hedwiga aliuliza.

"Polisi wa nini? Kuna aliyepotea hapa? Mzee yuko kwa mwanawe, anamngoja."

Alikuwa uani, kwenye kiti, mguu mmoja juu ya kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda kuliko picha waliyoisambaza. Aliposikia hatua aliinua kichwa, na kwa kuwa macho hayakumsaidia sana, alingoja sauti.

"Shikamoo baba," Eliud alisema.

Ungo ukasimama.

"Marahaba." Mzee Nathanaeli alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti zima. Sauti ilitoka ileile waliyoizoea wote, isiyo na haraka. "Eliud mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Huko uliko mnaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri, baba."

"Mwili una nguvu? Kifua kile hakikusumbui?"

"Hakinisumbui, baba."

Hanna alitaka kwenda mbele. Hedwiga akamshika mkono, akatikisa kichwa. Eliud alijibu kila kitu. Alijibu habari za mafundi, mmoja mmoja, kwa majina. Alijibu habari za Mama Evaresta aliyekuwa amesimama palepale na mwiko wake, na za miguu ya Mama Evaresta pia. Hakuruka hata moja na hakuharakisha, ingawa machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola. Mzee akasema huku kwetu hatujambo, Mungu anatusaidia. Akasema mvua. Akasema migomba.

"Ng'ombe mwekundu ana maziwa," alisema, "na..."

Akasita. Hedwiga, ambaye alikuwa amezisikia sauti zile zote zikifia mahali hapohapo, alijikuta amebana pumzi. Mzee alikuwa ameinua uso na kuinamisha sikio upande wa mwanawe.

"Bado unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa."

"Haya," mzee akasema. "Sasa mwanangu, nina neno."

Eliud akaja akaketi chini vumbini, karibu na lile goti lililovimba, akangoja kulisikia.